Upepo wa Kutosha

Wateja hufika gereji, Miritini,
hunikuta chini ya trela, miguu nje,
huiuliza miguu hiyo: fundi yuko wapi?
Miguu haijibu. Nikitoka, grisi hadi kwenye nyusi,
mama mtu mzima na kanga kiunoni,
huwa wamekwisha kuona haya.

Breki za upepo, mwaka huu wa kumi na tisa.
Naijua lori inavyokoroma ikiwa na njaa ya hewa,
naijua vali inayodanganya.
Basi Chivatsi alipoleta boksi lile la mnadani,
limelowa kona moja, linanuka kontena,
nilicheka. Tipa la vitofali, mama!
La mota, la silinda, lajinyanyua lenyewe!
Vipande elfu mbili na ushei.
Kijitabu chake kimeliwa na maji
toka ukurasa wa sitini na moja hadi sabini na nne.

Tukavipanga kwenye sinia la pilau, vikombe vya kahawa,
kifuniko cha sufuria; njano huku, kijivu kule,
na pini nyeusi kama mbegu za papai
zilizotuponyoka, tukazikanyaga alfajiri,
tukasema maneno yasiyo ya alfajiri.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Mle ndani ya chesi, baina ya gia na gia,
kidole kimoja tu ndicho kilichopenya, tena cha mtoto.
Mimi wa spana ya thelathini na mbili
nikawa mshika taa.
"Mama, usipumue hapo."
Sikupumua.

Wiki ya sita: ekseli tatu, usukani unakata kona.
Stika zimekataa kushika; chumvi ya hewa yetu
hubandua rangi ya ukuta, sembuse karatasi.
Kurasa zilizooza tukazibuni.
Nilimchorea nyuma ya risiti njia ya upepo:
kibomba, tangi, vali, silinda,
kama ninavyowachorea vijana wangu kwa chaki sakafuni.
Akaitazama sana.
"Kumbe hii ndiyo kazi yako ya kutwa?"
Ndiyo hii.

Mota ikawaka. Kibomba kikaenda tiki, tiki, tiki.
Sanduku la tipa likainuka vidole vitatu,
likafikiri,
likashuka.

Tena. Likashuka.
Chivatsi akalaumu gia, akalaumu betri,
akaanza kubomoa, machozi yamefika mdomoni.
Nikamwambia: zima feni.
Sikiliza.
Sss. Sauti ndogo kuliko ya mbu.
Nikaleta povu la sabuni na brashi yangu ya wanja,
nikapaka kila kiungo, sikuruka hata kimoja,
kama napaka lori la tani ishirini na nane.
Pale kwenye mrija tulioukata mfupi
kikatoka kipovu, kikavimba,
kikabeba taa ya chumba mgongoni,
kikapasuka.

Mrija kama ule hauuzwi, si Kongowea si Mwembe Tayari.
Mbeyu wa chumba cha pili, nesi wa Port Reitz,
akapitisha mlangoni kipande cha mpira wa dripu.
"Hakijatumika," akasema. "Zaidi msiniulize."
Kilibana kwa unene wa unywele.
Tukakichovya maji ya moto, kikakubali.

Usiku ule stima ikapotea Chaani nzima;
betri sita zilikuwa zetu.
Tukapakia kunde, nusu kikombe,
tukabonyeza, gizani.
Tiki, tiki, tiki.
Kimya.
Kisha kunde moja kwenye sinia.
Tatu.
Kisha mvua ya mabati.
Hatukuona kitu, wallahi. Tulisikia.

Jumamosi, gereji. Chini ya trela, jozi mbili za miguu.
Mteja akainama: fundi yuko wapi?
Jozi ile ndogo ikajibu:
"Ngoja kwanza. Anasikiliza."